Gongo Fupi la Kibuye na Kazi ya Kila Mkono katika Pigo la Softiboli

Gongo ninalolitathmini hapa limekerezwa kwa mti wa mgrevilea katika karakana ya fundi mmoja iliyo pembezoni mwa soko la Kibuye, mjini Kisumu. Lina urefu wa sentimita 55, uzito wa gramu 450 hivi kwenye mizani ya duka, na bei yake ni shilingi 900. Si gongo la mechi ya softiboli, mchezo wa gongo unaofanana na besiboli. Ni gongo la mazoezi ya mkono mmoja mmoja: mchezaji hulishika kwa mkono wa chini peke yake, kisha kwa mkono wa juu peke yake, ndipo arudi kwenye gongo la kawaida kwa mikono yote miwili. Nimelitumia na wasichana wa timu ya shule kwa muhula mzima, na uamuzi wangu nautoa mapema ili anayetaka kununua asisubiri hadi mwisho. Kwa mkono wa chini, sijapata kutumia kifaa kizuri kuliko hiki kwa bei hiyo. Kwa mkono wa juu kina kasoro inayoweza kurekebishwa. Lile gongo refu ambalo fundi huyo huliuza kama jozi yake, simshauri mtu yeyote kulinunua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama kwenye pleti, yaani kibao cha ardhini ambacho mpigaji husimama kando yake, inafaa nieleze kwanza kwa nini kila mkono ufundishwe peke yake. Mpigaji wa softiboli hushika gongo kwa mikono iliyobanana. Anayepiga akiwa upande wa kulia huweka mkono wa kushoto chini, karibu na kitako cha gongo, yaani kifundo kilicho mwisho wa mpini, na mkono wa kulia juu yake, kuelekea kichwa cha gongo, ile sehemu nene inayopiga mpira. Anayepiga upande wa kushoto hugeuza mpangilio huo. Katika mchezo wa wanawake mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwenye pleti, na mpira unaokuja kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo lazima auone mpira, aamue kama ataupiga au atauacha upite, na alifikishe gongo mahali panapotakiwa. Hana nafasi ya kufikiria mkono upi ufanye nini. Kila mkono unapaswa kuwa umeizoea kazi yake tangu mazoezini, na mikono ikifunzwa kwa pamoja tu, ule wenye nguvu huubeba ulio dhaifu na kosa halionekani mpaka siku ya mechi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa timu za huku kwetu. Katika michezo ya shule za sekondari wasichana hucheza softiboli na wavulana hucheza besiboli, na timu ninazozifahamu kuanzia Kisumu hadi Vihiga na Kakamega hugawana magongo machache ya alumini ambayo mara nyingi ni mazito kwa msichana anayeanza sekondari. Wachezaji wengi hutujia kutoka mpira wa magongo, mchezo uliozoeleka sana katika shule za magharibi, nao huja na pigo la kufagia chini ambalo katika mchezo ule ni sahihi kabisa, lakini kwenye pleti hukipitisha kichwa cha gongo chini ya mpira. Wengine hawajawahi kushika gongo la aina yoyote. Wote hao, wasiposimamiwa, hupiga kwa mkono wa kulia kwa sababu ndio mkono wao wa kila kazi, na wa kushoto hubaki kushikilia tu.

Mkono huo unaobaki kushikilia tu ndio unaopaswa kuongoza. Nyonga zinapoanza kufunguka kuelekea kwa mrushaji, mkono wa chini huvuta kitako cha gongo kuelekea upande wa ndani wa mpira, yaani upande ulio karibu na mwili wa mpigaji, huku kichwa cha gongo kikiwa bado nyuma karibu na bega. Kwa kitambo kifupi sana kitako ndicho kinachouelekea mpira. Kisha mwili unapozidi kuzunguka na mkono wa chini kupunguza mwendo, kichwa cha gongo hufyatuka mbele kama ncha ya mjeledi, na hapo ndipo kasi kubwa inapopatikana. Mchezaji akiunyoosha mkono huo mapema, gongo hutoka mbali na mwili na kuzunguka kwa mduara mpana; mpira wa karibu na mwili humkuta amechelewa, na mingine huigonga upande wa nje ikaenda faulo, yaani nje ya mstari, kuelekea besi ya tatu, kimojawapo cha vituo anavyokimbilia mpigaji. Akikiinua kiwiko cha mbele kupita kiasi, kichwa cha gongo huzama, na mpira hupaa juu bila kwenda mbali, ukadakwa kwa urahisi na mtu aliyesimama karibu.

Maelezo hayo nimeyatoa ubaoni mara nyingi bila kuona mabadiliko makubwa uwanjani. Gongo fupi huyaeleza kwa namna nyingine, kwa kuwa halikubali kwenda sawa mkono unapokosea. Zoezi lenyewe ni jepesi. Mpira huwekwa juu ya stendi, mbele kidogo ya goti la mbele. Mchezaji wa upande wa kulia hushika gongo kwa mkono wa kushoto, huweka kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto ili mkono huo usiingilie, na hupiga akilenga katikati ya uwanja. Mchezaji mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa mikono miwili ndiye mpigaji wetu mwenye nguvu zaidi, alipolishika gongo hili kwa mkono wa kushoto aliukosa mpira uliotulia juu ya stendi, akaigonga stendi yenyewe ikaanguka. Alipojaribu tena mpira ulikwenda pembeni, nje kabisa ya mstari. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, huu mkono umekataa."

Sikumwambia aongeze nguvu. Nilimwomba aanze polepole, akielekeza kitako kwenye mpira kana kwamba anataka kuugonga kwa kitako chenyewe, na asikiachie kichwa cha gongo mpaka kiuno kiwe kimeshazunguka. Kiwiko chake cha kushoto, ambacho awali kilikuwa kimenyooka tangu mwanzo wa pigo, kikabaki kimekunjwa kidogo. Mpira ulitoka chini kwa chini kuelekea kwa mrushaji, kisha uliofuata ukapita juu ya kichwa chake. Hata mlio ulibadilika: mpira ukipigwa karibu na ncha gongo hutoa mlio mkavu na kutikisa vidole, na ukipigwa kiasi cha upana wa kiganja kutoka ncha hutoa mlio mzito na mkono hausikii chochote. Mchezaji hahitaji mwalimu wa kumweleza tofauti hiyo. Kwa gongo refu la alumini mikono miwili huificha sehemu kubwa ya mtikisiko huo. Kwa hili la mti, lililoshikwa kwa mkono mmoja, mchezaji huipata habari yote palepale. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nilisifu.

Sifa ya pili ni mpini wake. Fundi ameukereza kwa kipenyo kinachoruhusu vidole vya msichana kuuzunguka na kukutana, na hilo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Gongo halipaswi kuzama ndani ya kiganja hadi kwenye shina la kidole gumba. Linapaswa kulala kwenye vidole, pale vinapoungana na kiganja, ili kifundo cha mkono kiwe huru kuzunguka. Mpini mnene humlazimisha mchezaji kulikumbatia gongo kwa kiganja kizima, na mikono ikishika hivyo hukaza hadi mabegani. Kwenye gongo la kawaida, mikono yote miwili ikiwa imeshika vizuri, vile vifundo vya katikati vya vidole, ambavyo mtu hugongea mlango, hukaribia kupangana katika mstari mmoja. Mpini wa gongo hili humzoesha mchezaji mshiko huo bila kuambiwa mara kwa mara.

Kitako ndicho kilichozua mjadala kati yangu na fundi. Nilimtaka akipunguze na kukipa mteremko laini badala ya ukingo mkali, naye akauliza, "Mwalimu, likimponyoka mtoto je?" Hofu yake ilikuwa ya haki, maana mikono hutoka jasho jingi katika joto la Kisumu, na gongo linaloruka ni hatari kwa kila aliye karibu. Hata hivyo kuna mfupa mdogo wenye umbo la ndoano chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na kitako chenye ukingo mkali huukandamiza kila pigo. Wapigaji wa besiboli na softiboli huuvunja mfupa huo hasa katika mkono wa chini, na maumivu yake huchukua muda kugundulika kwa sababu mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya msuli. Tulikubaliana kitako kibaki na upana wake, ila ukingo ulainishwe kwa msasa mpaka kidole kipite juu yake bila kukwama. Magongo aliyoyatengeneza baada ya hapo yana umbo hilo, na nimeridhika nayo.

Nije kwa mkono wa juu. Kazi yake hueleweka vibaya kuliko ya mkono wa chini, kwa sababu mchezaji mwenye nguvu ya kulia anapopiga upande wa kulia huamini kwamba mkono huo ndio unaosukuma mpira. Nguvu ya pigo huanzia miguuni, ikapita kwenye nyonga, kiwiliwili na mabega, na mikono huipokea mwishoni na kuifikisha kwenye gongo. Mgongano wa gongo na mpira hudumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda mfupi hivyo hakuna mkono unaoweza kusukuma chochote. Mtikisiko wa mgongano haujawahi hata kusafiri hadi kwenye mpini na kurudi kabla mpira haujaondoka. Kinachoamua umbali ni kasi ya gongo, mwelekeo wake na mahali lilipougonga mpira, na mambo hayo matatu yote hukamilika kabla ya mgongano. Kwa hiyo ninaposikia kocha akipaza sauti kutoka pembeni, "Sukuma na mkono wa juu!", najua mchezaji wake atakaza bega na kuchelewa.

Kazi halisi ya mkono wa juu ni kukiweka kichwa cha gongo kwenye njia ya mpira na kukiweka huko kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kiwiko cha nyuma huteremka hadi karibu na mbavu nyonga zinapozunguka, na hubaki kimekunjwa wakati wa mgongano. Mikono yote miwili hunyooka baada ya mpira kuondoka. Kiganja cha mkono wa juu hutazama juu na cha mkono wa chini hutazama chini. Njia nzuri ya kukagua ni kumsimamisha mchezaji katika nafasi ya mgongano, kumwondolea gongo, na kumwambia anyooshe vidole: kiganja kimoja kitazame mbingu na kingine kitazame ardhi. Mkono wa juu ukijigeuza mapema, kiganja kikaanza kutazama chini kabla ya mgongano, kichwa cha gongo hupanda juu ya mpira na kuukandamiza, nao huenda ukidunda kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu. Katika mechi za shule hilo ndilo pigo ninaloliona zaidi ya yote, na mlinzi huyo anapokuwa mzuri basi mchezo umekwisha.

Hapa gongo la Kibuye huonyesha udhaifu wake. Fundi amekiacha kichwa kikiwa na unene uleule mpaka ncha, hivyo uzito mwingi uko mbele. Kwa mkono wa chini uzito huo husaidia, kwa kuwa humfanya mchezaji ahisi kichwa kinavyofyatuka. Kwa mkono wa juu, ambao huanza pigo ukiwa karibu na bega na lazima ukiteremshe kichwa bila kukidondosha, uzito huo huushinda mkono wa msichana wa miaka 14 au 15. Kifundo cha mkono hulegea, kichwa huanguka chini ya usawa wa mikono, na mchezaji huanza kuuchota mpira kutoka chini, jambo ambalo ni baya zaidi katika softiboli kwa sababu mrushaji hurusha kwa mkono unaopita chini ya kiuno na hodari wao huweza kuutuma mpira unaoingia juu ya kifua. Nilipoona wachezaji watatu mfululizo wakifanya hivyo nilisimamisha zoezi. Kosa halikuwa lao.

Suluhisho lipo, na ni rahisi. Magongo mengi ya mti ya besiboli hutobolewa ncha na kuachwa na shimo lenye umbo la bakuli ili kupunguza uzito wa mbele. Nilimwomba fundi afanye hivyo kwenye gongo moja, akalirudisha kwenye mashine ya kukereza na kuchimba ncha kwa kina cha sentimita mbili hivi. Uzito uliopungua ni mdogo lakini mkononi tofauti ni kubwa, na kwa gongo hilo wasichana wengi waliweza kufanya zoezi la mkono wa juu bila kifundo kulegea. Kwa ambaye hana nafasi ya kurekebisha, mchezaji asogeze mkono hadi karibu na katikati ya gongo, atumie mpira wa tenisi badala ya ule wa mechi, na apige machache tu. Mpira wa softiboli una mzunguko wa sentimita 30.5 na uzito wa gramu 178 hadi 198. Mkono mmoja dhaifu ukiugonga mara nyingi, maumivu ya kigasha hayakosi.

Swali moja hujitokeza kila mara baada ya mazoezi ya mkono mmoja: je, mpigaji amalizie pigo kwa mikono miwili au aachie ule wa juu? Charley Lau, kocha wa upigaji wa besiboli nchini Marekani aliyemnoa George Brett, alijulikana kwa kuwafundisha wachezaji waachie mkono wa juu baada ya mgongano ili mkono wa chini uendelee kunyooka. Wapo makocha wengi wanaotaka mikono yote ibaki. Kwa maoni yangu mjadala huu haupaswi kuwasumbua wanafunzi, kwa sababu kinachofanyika baada ya mpira kuondoka hakiubadilishi mpira. Ninachokikataa ni kuachia mapema, kabla ya mgongano, na gongo fupi hukifichua kitendo hicho haraka: mchezaji aliyezoea kuachia mapema huwa na mkono wa chini unaojua kuzunguka lakini haujui kuelekeza. Mikono yake ikibaki pamoja hadi mwisho kwa miezi michache ya kwanza, hapotezi kitu.

Kuna kundi jingine la wachezaji ambao gongo hili limewafaa kuliko nilivyotarajia, nao ni wale wanaotumia mkono wa kulia kwa kila kazi lakini tumewahamisha wapige wakiwa upande wa kushoto. Katika besiboli wachezaji wa Kijapani Ichiro Suzuki, aliyestaafu mwaka 2019, na Shohei Ohtani wamejulikana kwa kurusha kwa mkono wa kulia na kupiga upande wa kushoto, na mpangilio huo huuweka mkono wenye nguvu chini, mahali pa kuongoza. Katika softiboli faida yake huongezeka. Besi zimetengana kwa mita 18.29 tu, na mpigaji wa kushoto huanza akiwa karibu zaidi na besi ya kwanza, hivyo msichana mwenye mbio anaweza kuanza kukimbia huku akipiga, mguu wa nyuma ukivuka mbele ya ule wa mbele, na kuugusa mpira kidogo tu ukadunda kuelekea upande wa besi ya tatu. Japani, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya softiboli mwaka 2008 na tena katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, imekuwa na wapigaji hodari sana wa namna hii. Mbinu hiyo hutegemea mkono wa chini kwa kiasi kikubwa, kwani kitako lazima kitangulie na kichwa kibaki nyuma huku mwili ukiwa tayari unakwenda. Wasichana wetu wawili wenye mbio walijifunza hilo kwa gongo fupi ndani ya muhula, na nina hakika kwa gongo la alumini peke yake wangekuwa bado wanahangaika.

Kuhusu mti wenyewe, mgrevilea ni chaguo zuri kwa gongo fupi. Ni mwepesi kiasi, hukerezeka vizuri, na nyuzi zake zikiwa zimenyooka kutoka kitako hadi ncha gongo huhimili mipira ya stendi bila shida. Anayenunua alitazame kwa makini: nyuzi zikikatiza mpini kwa mshazari, au kukiwa na jicho la tawi mahali mpini unapoanza kunenepa, alirudishe, kwa sababu hapo ndipo litakapovunjikia. Fundi pia alinitengenezea moja kwa mkaratusi. Lilizidi gramu 600 na lilikuwa gumu sana; mwalimu mwenye mkono mkubwa anaweza kulifurahia, lakini kwa wanafunzi ni zito mno. Vanishi aliyoipaka kwenye mpini huteleza mkono ukilowa jasho, kwa hiyo tuliikwangua kwa msasa na kuzungusha tepu ya kitambaa. Ningependa auze magongo yakiwa na tepu tayari, hata kama bei itapanda kidogo.

Gongo refu sina mengi ya kulisema. Linauzwa shilingi 1,800, limetengenezwa kwa mkaratusi, na lina urefu wa karibu sentimita 86, ndani ya kikomo cha sentimita 86.4 kinachoruhusiwa kwenye softiboli. Kipenyo chake kilizidi kikomo cha sentimita 5.7 nilipokipima kwa kipimo cha fundi mwenyewe, hivyo halifai kwa mechi. La kusikitisha zaidi, mbao ilikuwa haijakauka vya kutosha. Ilipokaa kwenye stoo yetu kwa muda ilianza kupasuka mstari mwembamba karibu na mpini, nikaliondoa mara moja, maana gongo likivunjika mikononi mwa mtoto kipande chake huenda mbali. Fundi alipokea malalamiko yangu kwa heshima na akarudisha sehemu ya pesa. Nampongeza kwa hilo, lakini mbao mbichi ni mbao mbichi, na mpaka atakapopata mahali pa kukaushia kwa miezi kadhaa asiyauze magongo ya mechi.

Kwa matumizi ya kila siku ninashauri mazoezi ya gongo fupi yafanyike mwanzoni, mchezaji akiwa hajachoka, tena kwa muda mfupi. Mkono wa chini upewe nafasi kubwa zaidi kwa mchezaji anayepiga upande wa mkono wake wenye nguvu. Yule aliyehamishwa upande wa pili apewe zaidi mkono wa juu, kwa kuwa kwake huo ndio mkono dhaifu. Baada ya kila mkono kupiga peke yake, mchezaji achukue gongo la kawaida papo hapo na apige mipira michache kwa mikono miwili, akikumbuka kitako kuelekea mpira na viganja kutazamana na ardhi na mbingu. Asipofanya hivyo mara moja, mwili husahau. Watu wengine wakae mbali nyuma ya uzio au wavu, kofia ngumu zivaliwe, na asiwepo mtu yeyote mbele upande ambao gongo linaweza kurukia.

Atakayeagiza amweleze fundi wazi kwamba anataka mgrevilea uliokauka, ncha iliyochimbwa, kitako kisicho na ukingo mkali na mpini usiopakwa vanishi. Karakana ipo upande wa mafundi wa samani, na ni afadhali kwenda siku ya kazi, kwa kuwa Jumapili soko la Kibuye hufurika watu na fundi hapati nafasi ya kumsikiliza mteja. Mwenye timu kubwa aagize mawili ya sentimita 55 na moja la sentimita 50 kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza sekondari. Lile refu aliache.